Ewart Grogan: mzungu aliyepita Kivu kwa miguu, kisha akapeleka samaki wa Scotland katika mto Gura

LUBUMBASHI – Mama muuza samaki katika masoko ya Lubumbashi anajua samaki wake wametoka wapi. Huyu ni wa Kasenga, huyu ni wa ziwa Moero, yule ameshuka na gari la moshi kutoka Bukama, na tomson ametoka baharini ndani ya barafu. Ukimuuliza nani aliweka samaki katika mto Luapula, atacheka na kukuambia ni Mungu.

Katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua nchini Kenya, jibu ni tofauti. Samaki aitwaye truti, ambaye Wakenya wanamwita trauti, hakuwako katika mto ule kabla ya mwaka wa 1905. Alifika akiwa yai, ndani ya sanduku lenye barafu, kutoka ziwa Leven katika Scotland. Aliyelipa gharama na kupanga safari ya mayai hayo ni Mwingereza mmoja, Ewart Scott Grogan, ambaye miaka sita mbele ya hapo alikuwa amepita kwa miguu katika bonde la Rusizi, kando ya ziwa Kivu na chini ya volkano za Virunga. Alifariki mwaka wa 1967. Nchini Kenya jina lake lingali linagawanya watu: kuna wanaomkumbuka kama shujaa wa safari na mjenzi wa Nairobi, na kuna wanaokumbuka fimbo na ardhi.

Grogan alizaliwa London mwezi wa Desemba 1874, katika familia kubwa ya zaidi ya watoto 20 yenye asili ya Ireland. Masomo hayakumwendea vizuri. Alianza katika shule maarufu ya Winchester, kisha akaingia iniversite ya Cambridge, na kila mahali aliondoka bila kumaliza, kwa sababu ya utundu. Mwaka wa 1896 alikuwa askari wa kujitolea katika vita vya wazungu dhidi ya Wandebele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Alitoka huko akiwa mgonjwa sana, na ili apate nguvu tena alikwenda New Zealand, kwao na rafiki yake wa masomo.

Huko ndiko alikutana na dada wa rafiki yake, Gertrude Watt, akampenda. Baba wa kambo wa msichana hakufurahi. Kijana huyu hana kazi, hana diploma, hana mali. Atamlisha mke kwa kitu gani? Grogan akajibu kwa ahadi ya ajabu: atavuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, kitu ambacho hakuna mtu aliyejulikana kuwa amekifanya, na akirudi ataoa. Mzee akakubali. Labda alifikiri kwamba kijana hatarudi.

Safari ilianza Beira, kwenye pwani ya Msumbiji, mwanzoni mwa mwaka wa 1898. Kusema kweli, wale wanaoandika kwamba Grogan alitembea kutoka Cape hadi Cairo wanaongeza chumvi kidogo. Sehemu ya kusini aliijua tayari kutokana na vita vya Wandebele, na katika maziwa na mto Nile alitumia mitumbwi na mashua. Lakini kati ya ziwa Tanganyika na Nile alitembea kweli, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Mwenzake alikuwa Arthur Sharp, mjomba wa Gertrude. Na pamoja nao walikuwa wapagazi, ambao vitabu vingi vinawataja kwa hesabu tu, kama mizigo waliyobeba.

Walipita ziwa Nyasa, wakafika Tanganyika, wakapanda hadi Ujiji, kisha wakaingia bonde la Rusizi mwaka wa 1899. Kwa msomaji wa Uvira au Bukavu, njia hiyo haina siri: ndiyo barabara ya Kamanyola. Lakini wakati huo wazungu walikuwa wameijua kidogo sana. Mjerumani von Götzen alikuwa amefika ziwa Kivu mwaka wa 1894 tu. Mpaka kati ya eneo la Wajerumani na Congo ya mfalme Leopold wa Pili ulikuwa bado unabishaniwa. Tena, mashariki mwa Congo kulikuwa na vita: askari walioasi katika jeshi la Dhanis mwaka wa 1897 walikuwa bado wanazunguka wakiwa na silaha.

Grogan aliugua homa mara nyingi. Mali yao iliibwa karibu na Kivu, wapagazi wengine walitoroka, chakula kikakosekana. Walipofika upande wa volkano, alikuta eneo lililoharibiwa na wavamizi: vijiji vilivyochomwa, mashamba yaliyoachwa, mifupa ya watu njiani. Alitembea katika eneo hilo siku kadhaa akiwa na watu wachache. Wakaaji wa Rutshuru na Masisi wa leo, ambao wamekimbia vita mara nyingi, hawahitaji kuelezwa sana jinsi kijiji kinavyokuwa siku mbili baada ya watu kukimbia. Maelezo ya Grogan ni moja kati ya ushuhuda wa kwanza ulioandikwa na mgeni juu ya hali hiyo katika eneo hilo, ingawa inafaa kusomwa kwa uangalifu. Alikuwa mpita njia ambaye hakujua lugha ya watu wale.

Sharp alirudi nyumbani kupitia Uganda. Grogan akaendelea na kundi dogo, akafuata Nile, akapita katika matope na matete ya Sudani ya Kusini akiwa karibu kufa kwa njaa na uchovu, hadi alipokutana na afisa wa Kiingereza aliyekuwa katika safari ya uwindaji. Alifika Cairo mwanzoni mwa mwaka wa 1900. Mwezi wa Oktoba mwaka huo alimwoa Gertrude.

Kitabu chake kuhusu safari kilitoka mwaka huohuo na kikamletea sifa. Kina mambo mawili ambayo msomaji wa Congo anapaswa kuyashika pamoja. La kwanza, Grogan alishutumu vikali utawala wa Leopold, wakati ambapo bado wengi Ulaya walikuwa wanausifu. La pili, yeye mwenyewe aliandika kwamba Mwafrika alazimishwe kufanya kazi, na kwamba nguvu itumike. Aliona uovu wa mwingine vizuri sana.

Cecil Rhodes, tajiri wa Afrika Kusini aliyeota reli kutoka Cape hadi Cairo, alifurahia safari hiyo na kumwandikia Grogan barua ya pongezi. Reli hiyo haikufika Cairo hata mara moja. Lakini kipande chake kilifika Élisabethville mwaka wa 1910 kupitia Sakania, na bila hicho mji wa Lubumbashi na shaba yake vingekuwa na historia nyingine.

Mayai katika barafu

Mwaka wa 1904 Grogan alifika Nairobi, mji uliokuwa na miaka mitano tu, wa mabati na vumbi. Hakuja kutembea tena. Alikuja kutafuta mali. Katika muda mfupi alipata haki ya kukata mbao katika misitu mikubwa, ardhi ya pwani huko Mbaraki karibu na bandari ya Kilindini, na bwawa la matope kando ya mto Nairobi ambalo wengine waliliona halina faida. Mahali hapo leo ni sehemu ya Gikomba, kati ya masoko makubwa ya Kenya. Nyumba yake ya Chiromo iko leo ndani ya eneo la iniversite ya Nairobi.

Wazungu waliohamia nyanda za juu za Kenya walitaka nchi ifanane na kwao. Walileta ng'ombe wao, maua yao, mbwa wao. Kilichokosekana ni samaki wa kuvua siku ya mapumziko. Mito ya Nyandarua ilikuwa safi na baridi kama ya Scotland, lakini kwa macho yao ilikuwa mitupu.

Truti huwezi kumsafirisha akiwa mkubwa katika safari ya wiki kadhaa. Anahitaji maji baridi yenye hewa nyingi, na ndani ya pipa angekufa kabla ya kufika Suez. Yai lake ndilo linalovumilia. Likishatungishwa na kukaa wiki kadhaa, unaona nukta mbili nyeusi ndani yake: ni macho ya samaki. Kutoka hatua hiyo yai linaweza kusafiri nje ya maji, mradi libaki na unyevu na baridi. Kwa hiyo mayai hupangwa juu ya sinia zenye majani laini yaliyolowa, sinia moja juu ya nyingine, na barafu juu ya zote, ili maji yanayoyeyuka yateremke polepole. Baridi inachelewesha yai lisianguliwe njiani. Barafu ikiisha, kazi imeisha.

Ndivyo mayai ya ziwa Leven yalivyovuka bahari hadi Mombasa mwaka wa 1905, yakapanda reli ya Uganda kuelekea nyanda za juu, kisha yakabebwa na watu hadi mlimani. Hapo tena ni wapagazi, safari hii wakiwa na mzigo ambao ukiachwa juani saa chache unaoza wote. Yaliyookoka yaliwekwa katika Gura.

Mto huo ulichaguliwa vizuri. Unazaliwa kwenye Nyandarua, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, katika milima ambayo kilele chake kinafika mita 4,001. Unaanguka katika maporomoko ya takribani mita 300, kisha unateremka kwa kasi kati ya mawe kuelekea Nyeri. Wakaaji wa huko wanaamini kwamba hakuna mto wa Afrika unaokimbia kuliko Gura. Mtu akiteleza anapouvuka, maji hayamwachi asimame. Lakini kasi hiyohiyo ndiyo inayochanganya maji na hewa, na truti anaihitaji ili apumue.

Samaki wa Grogan alikuwa truti wa kahawia. Yule wa upinde wa mvua, mwenye mstari mwekundu ubavuni na ambaye asili yake ni mito ya Amerika ya Kaskazini inayoingia bahari ya Pasifiki, aliletwa Kenya miaka michache baadaye, karibu mwaka wa 1910. Anakua haraka zaidi, ni mwepesi kufugwa, na leo ndiye anayejaza mabwawa ya wafugaji na mito mingi ya mlima Kenya. Gura inajulikana bado kwa wale wa kahawia.

Uvuvi wenyewe ungemshangaza mvuvi wa Kasenga. Hakuna wavu, hakuna mnyoo. Mvuvi anachukua ndoano ndogo kuliko ukucha, anaifunga manyoya ya ndege na nyuzi mpaka ifanane na nzi au mdudu wa mtoni. Kitu hicho hakina uzito, kwa hiyo hakiwezi kutupwa. Kinachotupwa ni kamba: ni nene na nzito kiasi, inarushwa nyuma na mbele kwa ufito mrefu unaopinda, na nzi wa bandia anaifuata hadi aguse maji. Truti husimama akielekeza kichwa kwenye mkondo, nyuma ya jiwe ambako maji yamepoa kidogo, akingoja chakula kiletwe na mto. Kwa hiyo mvuvi anamjia kutoka nyuma, anapanda mto huku maji yakimpiga magotini, na kumwangushia nzi mbele ya pua. Ikiwa kamba inavutwa na maji na nzi anakwenda kwa mwendo usio wa kawaida, samaki anatambua na kukataa. Katika mto unaokimbia kama Gura, nafasi hiyo haizidi sekunde mbili au tatu.

Katika Katanga jambo hilo lingeshindwa kabla ya kuanza. Truti anapenda maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi. Yakipita 20 anateseka, yakikaribia 25 anakufa. Lufira na Lualaba ni mito ya joto, na katika maji yake ya kusini kuna samaki wengine wenye meno ambao wasingemwachia nafasi.

Lakini Katanga ina hadithi yake ya mayai ya samaki, na inafaa kuwekwa karibu na ile ya Gura. Luapula ilikuwa na mpumbu, samaki mkubwa mnono ambaye wakati wa mvua alipanda mto kwa maelfu kwenda kutaga. Migodi ya Élisabethville na ya Copperbelt ilipohitaji chakula cha wafanyakazi, wafanyabiashara, wengi wao Wagiriki waliokaa Kasenga, walinunua samaki kwa wingi na kumpeleka mjini kwa lori. Mpumbu alikamatwa akiwa bado na mayai tumboni, na mayai yenyewe yakawa bidhaa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu alikuwa ameanguka vibaya, na hajawahi kurudi kwa wingi ule. Basi katika enzi moja, mbali kidogo tu kutoka mahali hadi mahali, mayai yalivukishwa bahari ndani ya barafu ili watu wachache wapate mchezo, na mayai mengine yaliliwa mpaka mto ukakauka samaki.

Mchezo huo ulikuwa wa nani? Wakikuyu wa Nyeri, wenye nchi ile, kwa desturi ya zamani hawakula samaki. Mto kwao ulikuwa wa maji ya kunywa, ya mifugo na ya mashamba. Truti walipozaana, vilikuja vilabu vya wavuvi, leseni, na sheria za nani avue wapi na kwa kifaa gani. Mtoto wa Kikuyu aliyezaliwa kando ya maji hayo aliweza kushitakiwa kwa kukamata samaki ambaye babu yake hakumjua. Mahali penyewe pakawa pa fahari: mwanamfalme Elizabeth na mume wake walikuwa wamefikia Sagana Lodge, nyumba iliyojengwa kando ya mto wa truti karibu na Nyeri, ilipomfikia habari ya kifo cha baba yake tarehe 6 Februari 1952. Mwaka huohuo hali ya hatari ilitangazwa, na misitu ya Nyandarua ikawa uwanja wa vita vya Mau Mau.

Fimbo mbele ya mahakama

Mwaka wa 1907, miaka miwili baada ya samaki kuingia Gura, Grogan alifanya jambo ambalo halijamtoka mpaka leo. Nairobi wakati huo ilikuwa na riksho, vigari vya magurudumu mawili vinavyovutwa na watu, kama vile Congo ilivyokuwa na tipoyi. Watu watatu, Wakikuyu, walikuwa wanavuta riksho ya dada yake Grogan na mwanamke mwingine. Ilidaiwa kwamba walitikisa riksho vibaya na kujibu kwa dharau. Hakuna aliyewapeleka mbele ya hakimu.

Tarehe 14 Machi 1907, Grogan, ambaye alikuwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwaleta mbele ya jengo la mahakama ya Nairobi, mchana, na umati wa wazungu ukikusanyika. Hapo akampiga mmoja kwa kiboko. Wenzake wakapiga wale wengine. Hakimu alitoka kuwazuia, wakakataa kumsikiliza. Mahali palichaguliwa makusudi: walitaka serikali ione kwamba sheria yake haitawazuia.

Habari ilifika London na bunge la Uingereza likaijadili. Grogan na wenzake walihukumiwa, lakini kwa kosa la mkusanyiko usio halali. Yeye alipewa mwezi mmoja, ambao hakuupitisha katika gereza la kawaida bali katika nyumba iliyotengwa kwa ajili yao. Mmoja wa wale watatu aliumia sana.

Mkaaji wa Lubumbashi anaielewa picha hiyo bila maelezo. Wachoraji wa mji huu, kama Tshibumba Kanda Matulu, waliichora mara nyingi katika michoro inayoitwa Colonie belge: mtu amelazwa chini, askari ameinua fimbo, mzungu anatazama. Michoro hiyo ilitundikwa sebuleni katika nyumba za Kenya na Kamalondo, na wazee waliieleza wajukuu. Tofauti ni kwamba katika Congo fimbo ilikuwa kazi ya serikali, na ikaendelea karibu mpaka mwisho wa ukoloni. Nairobi siku ile ilishikwa na tajiri mwenyewe. Na katika hadithi nyingi za maisha ya Grogan, Rhodes anatajwa, Sharp anatajwa, hata ziwa ambalo mayai yalitoka linatajwa. Wale watatu wanabaki kuwa wavuta riksho.

Vita vya kwanza vya dunia vilimrudisha Grogan upande wetu. Alijua njia za Kivu kuliko maafisa wengi wa Kiingereza, kwa hiyo alitumwa kuwa mjumbe wao kwa Jenerali Charles Tombeur, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi katika uongozi wa Katanga, hapa Élisabethville. Kazi ilikuwa nyeti. Wabelgiji na Waingereza walikuwa na adui mmoja, Mjerumani, lakini kila mmoja alimchunguza mwenzake asije akachukua ardhi kubwa kuliko haki yake. Tena, jeshi la Force Publique lisingeweza kutoka Kivu bila wapagazi, na sehemu yao ilitoka Uganda. Kigali ilichukuliwa mwezi wa Mei 1916, na Tabora tarehe 19 Septemba. Tombeur akapewa cheo cha baron wa Tabora. Wapagazi wa Congo waliotumika katika vita hivyo walipita 200,000, na wengi sana hawakurudi nyumbani.

Baada ya vita Grogan alirudi kwenye biashara na siasa. Alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria, akijulikana kwa hotuba ndefu na ulimi mkali, mara nyingi dhidi ya magavana wa Kiingereza wenyewe. Mwaka wa 1928 alifungua hoteli ya Torr's katikati ya Nairobi, jengo ambalo lingali limesimama, ingawa leo ni la benki. Huko Taveta, karibu na mpaka wa Tanzania, alifungua mashamba makubwa ya mkonge, akachimba mifereji ya maji, na kujijengea nyumba kama ngome juu ya kilima. Ni kazi kubwa, hakuna anayebisha. Lakini ardhi ile ilikuwa ya watu, na mzozo wa Taveta kati ya wenye hati na wasio na mahali pa kulima umeendelea hata baada ya uhuru, serikali moja baada ya nyingine.

Gertrude alifariki mwaka wa 1943. Grogan alitoa ardhi katika Muthaiga kwa ajili ya hospitali ya watoto yenye jina la mke wake, iliyofunguliwa mwaka wa 1947. Hospitali hiyo inatibu watoto mpaka leo. Mwanamke ambaye kwa ajili yake mtu alivuka Afrika amebaki katika kinywa cha wazazi wa Nairobi kila siku, na wengi wao hawajui alikuwa nani.

Kenya ilipata uhuru mwaka wa 1963. Grogan, aliyekuwa ameona nchi hiyo tangu mabati ya kwanza ya Nairobi, hakumalizia maisha yake huko. Alifariki Cape Town mwezi wa Agosti 1967, akiwa na miaka 92, kwenye ncha ya kusini ya njia aliyoipita ujanani. Barabara ya Nairobi iliyobeba jina lake ilibadilishwa ikaitwa Kirinyaga. Hata hivyo mafundi wa magari na wauza vipuri wa eneo hilo wanaendelea kuliita Grogan, na mtu akitafuta taa ya gari kuukuu, huko ndiko anaelekezwa.

Katika Gura maji yanaendelea kukimbia. Sehemu ya chini ya mto inaendesha mitambo ya umeme ya viwanda vya chai. Karibu na Kiganjo kuna kituo cha serikali cha kuangua mayai ya truti, na vijana wa Nyeri na Nanyuki ambao babu zao hawakula samaki wanafuga wale wa upinde wa mvua katika mabwawa, na kuwauza kwa mikahawa na hoteli. Juu, ndani ya msitu wa hifadhi, wazao wa samaki wa ziwa Leven bado wanasimama nyuma ya mawe, vichwa vimeelekea mkondo, na anayetaka kuwavua anakata leseni mlangoni kama mtu mwingine yeyote.